Shajara ya mradi: modeli ya kuenea kwa influenza na hatua za kuidhibiti

Wiki ya 1

Mradi umeanza kwa mlipuko mdogo ambao wengi wanaojifunza fani hii hukutana nao mapema. Ulitokea katika shule ya bweni ya wavulana kaskazini mwa Uingereza, na taarifa yake fupi ilichapishwa katika British Medical Journal tarehe 4 Machi 1978. Shule ilikuwa na wavulana 763 wa umri wa miaka 10 hadi 18. Mmoja wao, aliyetoka Hong Kong, alipata homa ya muda mfupi kati ya tarehe 15 na 18 Januari. Tarehe 22 Januari watatu walikuwa wamelazwa, na kufikia tarehe 4 Februari jumla ya wavulana 512 walikuwa wamewahi kulala kitandani kwa ugonjwa huo. Nimeuchagua kwa sababu ni nadra kupata jamii iliyofungwa, yenye idadi kamili inayojulikana, chanzo kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, na hesabu ya kila siku isiyokatika.

Hesabu ya waliokuwa kitandani siku baada ya siku, kuanzia tarehe 22, ni 3, 8, 26, 76, 225, 298, 258, 233, 189, 128, 68, 29, 14 na 4. Kwa kuwa namba hizi zilisomwa na watumiaji kutoka kwenye grafu iliyochapishwa, ipo nakala nyingine inayotumika sana ambayo kilele chake ni 294 badala ya 298. Nimeijaribu nakala hiyo pia na tofauti haikugusa hitimisho lolote, kwa hiyo kuanzia hapa natumia nakala ya kwanza tu.

Lengo la mradi si kuchora mstari unaopita vizuri juu ya nukta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji, na wanaopanga chanjo, kutenga wagonjwa au kufunga shule wanahitaji kujua kila hatua itapunguza nini na kwa kiasi gani. Modeli inayolingana na data kwa sababu zisizo sahihi itawapa jibu lisilo sahihi huku ikiwa na sura ya kuaminika, na hilo ndilo ninalotaka kulichunga tangu mwanzo.

Modeli ya kuanzia ni ile inayotokana na kazi ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927. Watu wamegawanywa katika makundi matatu: S ni wanaoweza kuambukizwa, I ni wanaoambukiza wengine, na R ni waliotoka katika maambukizi wakiwa na kinga. Maambukizi mapya kwa siku ni beta, yaani kasi ya kuambukiza, mara S mara I, kugawanywa kwa jumla ya watu. Wanaotoka katika kundi la I kwa siku ni gama, yaani kasi ya kutoka, mara I. Uwiano wa beta kwa gama ndio namba ya msingi ya uambukizaji, R0, yaani wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja angewaambukiza kama kila anayemzunguka hana kinga.

Wiki ya 2

Wiki hii imeliwa na kosa langu la hesabu, nami naliandika kwa kina kwa sababu halikuonekana kwa macho.

Niliandika programu kwa njia rahisi kuliko zote, ile ya Euler, nikisogeza muda kwa hatua ya siku nzima, kwa kuwa data yenyewe ni ya siku kwa siku. Kompyuta ilitafuta thamani za beta na gama, ikazipata, na mchoro ukapendeza. Nilipozitazama thamani zenyewe ndipo nikashtuka: beta ilikuwa kubwa kupita kiasi. Sababu ni kwamba katika siku nne za mwanzo waliolala waliongezeka karibu mara tatu kila siku (8, 26, 76, 225), na ongezeko la namna hiyo lina kasi ya takriban 1.1 kwa siku. Kasi hiyo, ikihesabiwa bila kukatwakatwa, huzidisha idadi kwa 3.0 kwa siku. Njia ya Euler yenye hatua ya siku nzima huizidisha kwa 2.1 tu, kwa kuwa haihesabu wagonjwa waliopatikana asubuhi ambao kufikia jioni tayari wanaambukiza. Ili kufidia upungufu huo, programu ilipandisha beta hadi mstari ukafika kwenye nukta. Kosa la hesabu lilikuwa limejificha ndani ya kigezo chenye maana ya kitabibu.

Nimehamia njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne, ambayo hata kwa hatua ya siku nzima hutoa 2.99, na nimepunguza hatua hadi sehemu ya kumi ya siku kwa usalama. Kuanzia sasa kila matokeo yatahesabiwa mara mbili, kwa hatua moja na kwa nusu yake, na yakitofautiana hayaingii kwenye shajara.

Wiki ya 3

Modeli ya makundi matatu sasa imelingana na data. Beta ni karibu 1.66 kwa siku, gama ni karibu 0.45, na R0 inatoka karibu 3.7. Muda wa wastani wa kubaki katika kundi la I ni siku 2.2. Kilele kinachotabiriwa na modeli kinaweza kuhesabiwa kwa kalamu: ukitoa (1 + logariti asilia ya R0) gawanya kwa R0 kutoka kwenye 1, unapata 0.376, yaani wavulana 287. Data inasema 298. Nilifurahi sana, na kwa nusu siku niliamini sehemu hii imekwisha.

Kisha nikahesabu mwisho wa mlipuko. Mlinganyo wa ukubwa wa mwisho unasema kwamba sehemu ya watu wanaoambukizwa, z, inatimiza z = 1 − e kwa kipeo cha −R0 mara z. Kwa R0 ya 3.7, z ni 0.973: wavulana 742 kati ya 763. Waliolala ni 512. Pengo ni la wavulana 230, na hakuna namna ya kuliita kosa la kusoma grafu.

Nikageuza hesabu. Kama walioambukizwa ni 512 tu, z ni 0.671, na R0 inayolingana nayo ni 1.66. Mlipuko mmoja, data ileile, modeli ileile, na majibu mawili, moja likiwa zaidi ya mara mbili ya jingine. Hili si jambo la kuachia wanahisabati peke yao. Kwa R0 ya 1.66, kuwapa kinga kamili asilimia 40 ya watu kunatosha kuzuia mlipuko usianze, kwa 3.7 inahitajika asilimia 73. Mtu anayeagiza chanjo angeuliza tunasimama wapi kati ya hizo mbili, na kwa sasa sina la kumjibu.

Wiki ya 4

Nimemwonyesha kazi hii mwenzangu wa mradi ambaye ni muuguzi wa miaka mingi. Nilimweleza mchoro, nikamwonyesha mstari wa I unavyopita juu ya nukta. Aliutazama kwa muda, akaweka kidole kwenye kilele, akauliza: “Dada, hawa 298 wamelala kitandani, sivyo? Sasa mtu aliyelazwa peke yake chumba cha wagonjwa anamwambukiza nani?”

Swali hilo ndilo limekuwa mradi wenyewe. Nilikuwa nimechukua hesabu ya waliolala kitandani na kuiita I, kundi la wanaoambukiza, bila kujiuliza kama ni watu haohao. Mvulana huambukiza darasani, mezani, bwenini na uwanjani kabla hajazidiwa. Akishalala na kutengwa, nafasi yake ya kuambukiza inapungua sana au inakwisha. Data inahesabu watu ambao kazi yao katika mlipuko imekaribia kumalizika. Mstari wangu ulikuwa unapita juu ya nukta kwa sababu umbo la kupanda na kushuka linafanana, lakini kitu kilichopimwa na kitu kilichoandikwa kwenye mlinganyo vilikuwa viwili.

Nimeongeza kundi la nne, K, la walio kitandani. Njia ya mgonjwa sasa ni S, kisha I, kisha K, kisha R, na data inalinganishwa na K, si na I. Muda wa kukaa K hauhitaji hata kukadiriwa na kompyuta: ukijumlisha hesabu zote za kila siku unapata siku za kitandani 1,559, na ukigawa kwa wavulana 512 unapata siku 3.04 kwa kila mmoja. Muda wa I, yaani saa ambazo mvulana anatembea akiambukiza kabla ya kulala, ndio usiojulikana.

Kwa modeli hii R0 ni 1 jumlisha kasi ya ongezeko mara muda wa I. Tukichukua kasi ya 1.1 kwa siku na muda wa siku moja, R0 ni 2.1, muda wa siku mbili unatoa 3.2. Na ukiuliza ni muda gani utakaotoa 1.66, ile R0 inayolingana na wavulana 512, jibu ni siku 0.6, yaani saa 14 hivi. Hadithi inayotoka humo inavutia: kila mvulana aliambukiza kwa saa 14, akalala, na theluthi ya shule ikaponyoka. Pengo la wiki iliyopita linafungwa lote. Nimeiandika kama dhana, nikaipigia mstari, na sitaiita matokeo hadi niijaribu.

Wiki ya 5

Nimesafisha msimbo na kubadilisha majina ya safu zote kwenye lahajedwali. Safu iliyoitwa “waambukizaji” sasa inaitwa “walio kitandani”. Hakuna matokeo mapya.

Wiki ya 6

Dhana ya saa 14 imeanguka, na imeangushwa na jambo ambalo nilikuwa nimeliacha nje kwa ajili ya urahisi: anayeambukizwa haambukizi wengine papo hapo. Mwaka 2008 Carrat na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 56 ambamo watu waliojitolea waliwekewa virusi vya influenza kwa makusudi chini ya uangalizi. Utoaji wa virusi ulipanda kwa ghafla kati ya nusu siku na siku moja baada ya kuwekewa, ukafika kileleni siku ya pili, na kwa wastani ulidumu karibu siku tano. Kwa hiyo kati ya S na I lazima kuwe na kundi jingine, E, la walioambukizwa ambao bado hawajaanza kuambukiza.

Kundi hilo likiingia, R0 inakuwa zao la vipande viwili: (1 + kasi mara muda wa E) mara (1 + kasi mara muda wa I). Muda wa E ukiwa siku moja, kipande cha kwanza peke yake ni 2.1, ambacho tayari kimepita 1.66 kabla mvulana yeyote hajaambukiza hata kwa dakika moja. Hata nikiushusha hadi nusu siku, kipande cha kwanza kinakuwa 1.55, na muda uliobaki wa kuambukiza unakuwa kama saa moja na nusu, jambo ambalo hakuna atakayeliamini. Ugonjwa ulioongezeka mara tatu kwa siku, ukiwa na ucheleweshaji wowote wa kweli kati ya kuambukizwa na kuambukiza, hauwezi kuwa na R0 ndogo katika jengo lile. R0 ya pale ilizidi 3, na karibu kila mvulana ambaye angeweza kuambukizwa aliambukizwa.

Basi wale 251 ambao hawakulala walikuwa wapi? Niliona njia mbili: ama walikuwa na kinga tangu awali, ama waliambukizwa bila kuugua kiasi cha kulala.

Njia ya kwanza ina kizingiti kikubwa. Kirusi kilichopatikana pale kilikuwa cha aina ya H1N1, ambayo ilitoweka kwa binadamu mwaka 1957 iliposukumwa na H2N2, ikarudi mwaka 1977. Mvulana mkubwa kuliko wote shuleni, mwenye miaka 18 mwanzoni mwa 1978, alizaliwa baada ya kirusi hicho kutoweka. Watu wazima ndio waliokuwa wamekutana nacho utotoni, na taarifa inaonyesha hivyo: kati ya watu wazima 130 hivi waliokuwa na mgusano na wavulana, ni mmoja tu aliyepata dalili zinazofanana. Kinga ya zamani inawaeleza watu wazima vizuri sana, lakini haiwezi kueleza theluthi ya wavulana.

Njia ya pili inakubaliana na uchambuzi uleule wa watu waliojitolea, ambamo walioonyesha dalili walikuwa karibu asilimia 67 ya walioambukizwa. Wavulana 512 kati ya 763 ni asilimia 67.1. Nilipoziona namba hizi mbili zikikaa pamoja niliinuka kitini, kisha nikajilazimisha kutulia: kulingana kwa kiasi hicho ni bahati kwa sehemu, maana wenye dalili si wote wanaolala, na si lazima kila mvulana awe ameambukizwa. Nikiacha R0 iwe 3.0, walioambukizwa ni 718 na waliolala ni asilimia 71 yao. R0 ikiwa 3.8, asilimia inashuka hadi 69 hivi. Ninachoweza kusimamia ni kwamba kati ya robo na theluthi ya walioambukizwa hawakuingia kwenye hesabu, na kwamba bila wao data ya shule hii haielezeki.

Data haiwezi kutenganisha muda wa E na muda wa I. Nikirefusha mmoja na kufupisha mwingine mchoro unabaki karibu uleule, kwa hiyo thamani za muda wa E nazichukua kutoka tafiti za watu waliojitolea, na katika ripoti nitasema wazi kwamba hazikutoka shuleni.

Wiki ya 7

Sasa hatua za kudhibiti. Kwanza nimeondoka shuleni, kwa sababu R0 si mali ya kirusi peke yake. Ni ya kirusi pamoja na namna watu wanavyoishi. Wavulana wanaolala, kula na kusoma pamoja hawawakilishi mji. Makadirio yaliyokusanywa na wachambuzi yanaiweka influenza ya msimu karibu 1.3, ile ya mwaka 2009 karibu 1.5, na ile ya 1918 karibu 1.8. Kwa majaribio yote yanayofuata nimechukua 1.8, ili hatua zipimwe dhidi ya hali ngumu.

Hatua ya kwanza ni kujitenga kwa wagonjwa, ambayo inabebwa moja kwa moja na funzo la kitanda. Nimeweka dhana tatu, nazo ni dhana tu: theluthi ya walioambukizwa hawana dalili na huambukiza kwa nusu ya nguvu ya wenzao, wenye dalili hutoa theluthi ya maambukizi yao kabla ya dalili kuanza, na anayejitenga haambukizi tena. Kwa dhana hizo, asilimia 20 ya maambukizi yote hutoka kwa wasio na dalili. Kila mwenye dalili akijitenga saa ileile ya kwanza, bado asilimia 47 ya maambukizi yanabaki. R0 ya 1.8 inashuka hadi 0.84 na mlipuko unazimika. R0 ya shule, 3.7, inashuka hadi 1.73 tu, na hilo linadokeza kwa nini kuwalaza wavulana hakukuzima mlipuko.

Lakini hakuna jamii ambayo kila mgonjwa anaweza kujitenga saa ya kwanza. Wapo wanaoishi chumba kimoja na familia nzima, na wapo ambao siku bila kazi ni siku bila kipato. Nusu yao wakijitenga, upungufu ni asilimia 27 na R0 inakuwa 1.32. Mlipuko unaendelea, ila kwa sura nyingine kabisa, nami nitairudia namba hii wiki ya tisa.

Wiki ya 8

Chanjo. Kiasi cha watu wanaohitaji kuchanjwa ili mlipuko usianze ni (1 − 1/R0) kugawanywa kwa ufanisi wa chanjo. Chanjo ya influenza hubadilishwa kufuata virusi vinavyozunguka na ufanisi wake hupanda na kushuka msimu hadi msimu, kwa hiyo nimetumia 0.5. R0 ikiwa 1.3, inahitajika asilimia 46 ya watu, ikiwa 1.8, asilimia 89, ikiwa 2.5, hesabu inatoa asilimia 120, yaani chanjo hiyo peke yake haiwezi, hata kila mtu akichanjwa. Jedwali hili dogo limenifaa kuliko michoro yote ya mradi, kwa sababu linaonyesha jinsi kosa la R0 la wiki ya tatu lingemfikisha mpangaji mahali pabaya: angeahidi kuzuia kile ambacho kingeweza kupunguzwa tu.

Naandika pia kile ambacho mlinganyo huu hauoni. Chanjo isiyozuia mlipuko bado inamkinga mzee au mjamzito asifike hospitalini, na modeli inayohesabu maambukizi tu haimhesabu mtu huyo. Safu ya wagonjwa mahututi lazima iongezwe kabla ripoti haijatoka.

Wiki ya 9

Kufunga shule na kupunguza mikusanyiko. Nilidhani hii ingekuwa sehemu nyepesi, na imegeuka kuwa yenye mengi kuliko zote.

Bila hatua yoyote, R0 ya 1.8 huambukiza asilimia 73 ya watu, na siku ya kilele asilimia 11.8 wanaambukiza kwa wakati mmoja. Kinga ya jamii, yaani kiwango cha wenye kinga kinachotosha mlipuko usikue tena, ingepatikana kwa asilimia 44 tu. Zile 29 zilizozidi zinaambukizwa kwa sababu mlipuko unapofika kileleni una watu wengi mno walioambukizwa, na hauwezi kusimama ghafla.

Nikaweka hatua kali inayopunguza mgusano kwa asilimia 40, nikaishikilia hadi wimbi likaisha. Uambukizaji, yaani wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza, unashuka hadi 1.08, walioambukizwa ni asilimia 14 tu, na kilele hakifiki hata asilimia 0.3. Kisha hatua ikaondolewa. Asilimia 86 bado wanaweza kuambukizwa, uambukizaji unaruka hadi 1.55, na mgonjwa mmoja anayeingia kutoka nje anatosha kuanzisha wimbi la pili, lenye kilele cha asilimia 6.2. Mwisho wa yote ni asilimia 67. Sadaka yote ile imepunguza maambukizi kutoka 73 hadi 67.

Nikaweka hatua ya wastani, asilimia 27. Uambukizaji ni 1.32, kilele ni asilimia 3.2, na wimbi linaisha likiwa limeambukiza asilimia 44, kiasi kilekile cha kinga ya jamii, kwa hiyo hatua ikiondolewa hakuna kinachorudi. Hatua nyepesi imeshinda hatua kali kwa maambukizi 23 katika kila watu 100. Na asilimia 27 hiyo ndiyo ileile inayopatikana pale nusu ya wagonjwa wanapojitenga, kwa dhana za wiki ya saba. Sikuipanga ilingane.

Muuguzi wetu alinizuia nisikimbilie hapo. Aliniambia: “Dada, hiyo hatua kali imenunua muda. Kama chanjo inakuja miezi michache mbele, ule muda ndio uhai wenyewe.” Ni kweli, na modeli yangu haikuwa na chanjo inayokuja. Hitimisho la wiki hii linahusu hatua ambayo haina kitu nyuma yake. Penye chanjo inayotengenezwa, hatua kali ya muda inaweza kuwa ndiyo sahihi, na penye hospitali zinazokaribia kujaa, kilele cha asilimia 0.3 na cha asilimia 11.8 ni vitu viwili visivyoweza kulinganishwa kwa jumla ya maambukizi peke yake.

Historia ya mwaka 1918 inaunga mkono pande zote mbili. Nchini Marekani, mji wa Philadelphia uliruhusu gwaride kubwa tarehe 28 Septemba na ukafunga shule na mikusanyiko tarehe 3 Oktoba, wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Mji wa St. Louis ulichukua hatua tarehe 7 Oktoba, siku mbili baada ya wagonjwa wa kwanza kuripotiwa miongoni mwa raia. Vifo vya ziada kwa wiki vilifika kilele cha 257 kwa kila watu 100,000 Philadelphia, na 31 St. Louis. Hata hivyo St. Louis ilipolegeza hatua katikati ya Novemba, wagonjwa waliongezeka tena, kama modeli inavyotarajia kwa mji ambao wengi wao bado hawana kinga.

Wiki ya 10

Modeli sasa ina makundi mawili ya umri. Mtu mzima mmoja kati ya 130 hakuniacha nitulie: modeli inayowaona watu wote sawa haiwezi kumweleza. Kwa mgusano kati ya rika, chanzo bora nilicho nacho ni utafiti wa POLYMOD uliochapishwa mwaka 2008, ambamo watu 7,290 wa nchi 8 za Ulaya waliandika kila mtu waliyekutana naye kwa siku moja. Watoto na vijana wa shule hukutana zaidi na wa rika lao, na kwa wingi kuliko watu wazima.

Kabla ya kuingiza data nzima nilijaribu kwa namba nilizochagua mwenyewe. Mtoto mmoja anaambukiza watoto 1.5 na watu wazima 0.6, mtu mzima anaambukiza watoto 0.4 na watu wazima 0.7. Uambukizaji wa jumla, yaani thamani kuu ya matriki (jedwali) ya namba hizo nne, ni 1.73. Chanjo ikipunguza uwezekano wa watoto kuambukizwa kwa asilimia 30, uambukizaji unashuka hadi 1.32. Upungufu uleule ukitolewa kwa watu wazima, unashuka hadi 1.65 tu. Japani iliwachanja wanafunzi wake wengi kuanzia 1962 hadi 1987, na wachambuzi waliotazama vifo vya kipindi hicho waliona vifo vya ziada vya msimu wa influenza vikipungua, na kupanda tena chanjo ya shuleni ilipoachwa. Mambo mengine ya kijamii yalibadilika pia katika miaka hiyo, kwa hiyo siichukui kama uthibitisho, ila mwelekeo wake ni uleule wa matriki.

Kazi iliyobaki wiki ijayo ni tatu: kuingiza matriki kamili ya mgusano, kuongeza safu ya wagonjwa mahututi kwa kila rika, na kuendesha upya jaribio la wiki ya tisa chanjo ikiingia siku ya 120. Muuguzi wetu ameomba kila mchoro uandikwe chini yake ni nani hasa aliyehesabiwa: aliyelala, aliyepimwa, au aliyeambukizwa. Nimeanza na ule wa shule, na chini yake sasa pameandikwa “wavulana walio kitandani, 22 Januari hadi 4 Februari 1978”.